Titi la Kushoto la Malika

Kabla ya adhana ya alfajiri, kifuniko cha birika kiligonga mara mbili jikoni. Malika alitoka chumbani polepole, mkono juu ya kovu. Titi lake la kushoto lilikuwa limekaa kando ya jiko la mbabula, ndani ya sanda yake, likiota makaa ya jana. Lilikuwa na udongo. Alilipangusa kwa ncha ya kitenge, akalimiminia chai.

Wiki tatu zilizopita lilikatwa kwa sababu ya kansa. Hospitalini dawa ya kuhifadhia nyama ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyesema kwamba nyama ile bado ina kazi. Waliitia katika ndoo ndogo, wakampa Hemedi, mdogo wake Malika. Hemedi akafanya kama wazee wao walivyofanya kwa kiungo chochote cha mtu: akaliosha titi lile, akalivika kitambaa cheupe, akalizika nyuma ya nyumba. Alilia pia, na Malika hakulisahau hilo.

Siku ya nne dokta Georgette akauliza nyama iko wapi. Alieleza huku amemshika Malika mkono. Chembe za kansa hubeba protini. Zikiwa na ile inayopokea homoni, kuna vidonge vya kumeza miaka mingi. Zikiwa na nyingine, iitwayo HER2, kuna dawa ya sindano. Bila kupima, ni kubahatisha, na nyama iliyozikwa haipimiki.

"Yaya, nilizani nafanya vizuri," Hemedi alimwambia dada yake.

"Ulifanya vizuri," Malika akamjibu.

Sasa, jikoni, titi lilimaliza chai, likasema: "Niko na ile ya homoni, mingi. HER2 hapana. Uombe vidonge."

"Unajua kweli?"

"Malika, nilikaa nayo miaka mbili mbele ya wewe kujua."

Kulipopambazuka alilitia kikapuni, wakaenda hospitali. Dokta Georgette aliwasalimu wote wawili, akaandika dawa. Kwenye dirisha la dawa alikaa mtoa dawa, papa Alphonse.

"Matokeo ya vipimo vya labo iko wapi?"

Malika akafungua kikapu. Alphonse aliuliza tarehe ya kukatwa, titi likajibu. Aliuliza protini, likajibu. Aliandika yote kwa mwandiko mzuri.

"Bon. Muhuri?"

"Miye ni nyama tu, papa. Muhuri nitautoa wapi?"

"Alors, muende labo ya Kinshasa."

"Kinshasa watasema ilizikwa," Malika alisema. "Na iko hapa, inasema."

"Naisikia, mama. Inasema vizuri kabisa." Alphonse alimletea kiti na maji. Nyuma yake, katika kabati la kioo, vidonge vilijaa rafu mbili. Malika alisoma tarehe kwenye maboksi: vingeharibika mwezi ujao.

Walirudi Jumatatu, na Alhamisi, na Jumatatu nyingine. Kila mara Alphonse alileta kiti, akauliza muhuri.

Jioni ya Jumatatu hiyo Hemedi alichimba tena mahali palepale. Malika alilifunga titi katika sanda iliyofuliwa.

"Kwapani pameota kivimbe kingine," aliliambia.

"Najua. Kinafanana na miye."

"Basi uje tena kesho," Malika alisema. "Nitaacha birika kwenye moto."