Mpokea Salamu

Kompyuta ya mwanangu Evarista ilikuwa nzito na imechoka. Aliinunua mnadani, kampuni aliyokuwa karani wake ilipofungwa, akaanza kuchapa kazi za watu sebuleni kwetu, Area D. Printa hatukuwa nayo. Juma lile sehemu ya kuwekea disketi ikafa, na ndani ya kompyuta kulikuwa na tasnifu ya Shamimu, mwanachuo kutoka Kondoa. Ilitakiwa chuoni kesho yake asubuhi. Ikikosekana, anarudia mwaka.

Thomas, fundi wa Kizota, alikuja na kompyuta yake kwenye baiskeli, kaifunga kwa blanketi la mtoto wake. Akaziunganisha mashine mbili kwa waya mmoja. Kwenye yake aliandika amri ya kupokea, kwenye ya Evarista amri ya kutuma. Maneno meupe tu kwenye kioo cheusi. Namba zikaanza kupanda, polepole.

Skrubu za plagi ya waya huo upande wetu zilikuwa zimekatika. Plagi ikilegea, kazi inaanza upya, na mgao wa umeme ungetufikia saa sita mchana. Nikaishika.

"Bibi, usicheke hata kidogo," Thomas akasema.

"Basi wewe usinichekeshe."

Mara hodi. Akaingia Athuman, baba yake Shamimu, na dumu la asali.

"Shikamoo mama," akasema, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Marahaba," nikajibu, nisisogee.

Mikono ikabaki hewani. Akairudisha taratibu, akaitazama rozari shingoni mwangu, kisha mlango.

"Baba!" Shamimu akasema. "Bibi ameshikilia kazi yangu. Akiachia tu, imekwenda."

Athuman akainama, akaangalia plagi, akaangalia namba. Akavua koti, akalikunja, akaliweka chini ya kiwiko changu kiegemee. Kisha akaenda kusimama mlangoni.

Akaja Nikodemo, jirani anayefanya kazi bungeni, ambaye hamsalimu mtu bila kumtikisa mkono.

"Bibi hayupo?"

"Yupo. Salamu nipe mimi."

"Wewe nani?"

"Mpokea salamu."

Nikodemo akacheka, akampa mkono. Baadaye akapita Tabu wa mboga, naye akatoa wake.

Saa sita ilipokaribia, kioo cha Thomas kikaandika kwamba yote yamefika. Akafungua tasnifu, akashuka hadi ukurasa wa mwisho. Shamimu akausoma kwa midomo, bila sauti. Thomas akazima mashine, na haukupita muda umeme ukakatika, feni ya sebuleni ikasimama. Kizota kuna jenereta na printa, wangechapia huko.

Vidole vyangu vilikataa kufunguka. Evarista alivibandua kimoja kimoja, akivipuliza. Kisha nikamnyooshea Athuman mkono.

Akaupokea kwa miwili. "Huu wangu, mama." Akautikisa kwa nguvu. "Huu wa bwana wa bungeni. Na huu wa mama wa mboga, anasema mchicha wako kauacha kwenye maji."