Mkwe Haingii Ofisini

Mvua ya Tukuyu ilimpiga Atuganile mgongoni asithubutu kugeuka. Alisimama nje ya ofisi ya mshauri wa masomo, uso ukutani, khanga imeshuka mpaka machoni, maana aliyekuwa ndani, Dakta Hezron, alikuwa mdogo wake baba mkwe. Kwa mila yao mkwe haonani na baba mkwe wala ndugu zake. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye wa kuingia migombani.

Mumewe alipofariki, Atuganile alihama chuo Iringa akarudi Masukulu, ukweni, kulea mwanawe. Alikuja chuo hiki cha Tukuyu na miaka miwili ya masomo. Dakta asipoikubali leo, kabla dirisha la uhamisho halijafungwa, anaanza mwaka wa kwanza upya, na nguvu hiyo hana.

"Esnath," Dakta alimwita karani wake, "huyo mwanafunzi mhamiaji yuko wapi?"

"Yuko mlangoni, Dakta. Ni mkwe wenu."

"Utaratibu unataka nimwone kwa macho. Sijamwona."

"Basi aingie?"

"Aingie? Unataka ukoo unitemee mate?"

Esnath akatoa kichwa nje. "Dada, umesikia mwenyewe. Usipoingia, hajakuona. Ukiingia, umevunja mila." Akacheka. "Wasomi wa Masukulu mna mambo!"

"Niombee mshauri mwingine, dada."

"Wa wahamiaji ni mimi peke yangu!" sauti ikafoka kutoka ndani. "Mwambie akalime. Mjane anamsomea nani?"

Atuganile akamwomba Mungu, midomo ikicheza tu. Kisha akaishusha khanga mabegani, akaingia, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, baba. Siku ya kugawa shamba la chai la mume wangu tulikaa chumba kimoja. Kidole changu ulikishika mwenyewe ukakichovya kwenye wino, nikatia dole kwenye hati. Siku ile mila ilikuwa imekwenda wapi?"

Dakta akajifunika uso kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akapapasa simu, akampigia kaka yake.

"Mkweo ameingia ofisini kwangu, kichwa wazi. Mtoto asitoke hapo nyumbani. Mama yake hana tena mlango kwenu."

Akaiweka simu mezani, kiganja bado usoni.

"Esnath, funga uhamisho. Leo hakuna mwanafunzi niliyemwona."

Atuganile hakutoka. Maji ya khanga yakachuruzika sakafuni, yakaambaa chini ya meza. Dakta, jicho moja likichungulia kati ya vidole, akaivuta miguu yake viatu visilowe.