Figo ya Tatu ya Arvid

Kwa miaka saba nilitazama ndani ya tumbo la Arvid Niskanen nisiuone utumbo wake. Katika kazi yetu ya ultrasaundi, utumbo ni kero. Hewa iliyomo huficha viungo vingine, nasi huwafundisha wanafunzi waukwepe, watafute ini, kibofu cha nyongo na figo.

Arvid, mpeleka barua mstaafu wa hapa Duluth, Marekani, huja kila Machi kuwaazima wanafunzi wangu tumbo lake la kujifunzia. Mwaka huu alilala kitandani akinung'unika.

"Mwalimu, mimi Mfini, watu wa kahawa. Kuninyima kahawa tangu jana ni dhuluma."

"Ukinywa, kibofu cha nyongo kitanywea, hawa wasikione. Vumilia."

Maren, mwanafunzi wangu mwangalifu kuliko wote, alipaka jeli, akazipima figo mbili, akaandika. Kisha kifaa cha kupimia kikateleza chini, upande wa kulia. Akasita.

"Profesa, hii nayo ni figo?"

Kwenye skrini, ukingo mweusi, katikati peupe. "Ni figo," nikasema. "Za watu wengine hukaa chini."

"Lakini zake mbili nimeshazipima."

Nikahesabu upya. Kulia moja, kushoto moja, na hii. Nikarekebisha mwanga wa skrini, nikamgeuza Arvid ubavu, nikahesabu tena. Bado tatu.

"Kama ninayo ya ziada, naiuza," Arvid akasema. Hatukucheka.

Maren akakizungusha kifaa polepole. Ile figo haikuwa na mwisho. Iliendelea, ikawa utumbo: ukuta wake ulionenepa ndio tuliodhani ni figo.

Desturi yetu ni kutomwambia mgonjwa tunachokiona. Hilo ni la daktari. Lakini Arvid hakuwa mgonjwa, wala hakuna daktari aliyemtuma kwetu. Sikujua nilikuwa nani kwake dakika ile.

"Kuna kitu kwenye utumbo wako," nikasema hatimaye. "Sijui ni nini. Nenda kwa daktari leo."

"Kahawa kwanza," akajibu, ila mzaha ulikuwa umemtoka.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Madaktari waliikata Aprili, na wanasema waliiwahi. Nimezirudia picha zetu za mwaka jana: mahali pale hatukupapiga picha hata moja, kwa hiyo sijui kama ilikuwapo, na sitajua.

Siku hizi wanafunzi wangu huufuata utumbo wote kabla ya kufuta jeli.