Manyoya ya Utosini

Sauti ya shemeji ilinitukana kutoka nyuma yangu, na koo la shemeji lilikuwa mikononi mwangu.

"Nyamaza, mjinga wewe! Nitakuvunja meno!"

Ilikuwa sauti yake kabisa, nzito, yenye kukwaruza mwishoni, lakini mdomo wake ulikuwa wazi bila kutoa hata pumzi. Nilikuwa nimemlaza chali juu ya kochi lisilovishwa kitambaa, mabega yake yamezama kwenye sponji, damu ya mdomo wangu ikimdondokea kifuani. Niligeuza shingo. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Ndani ya tundu, kasuku alikuwa ametanua mabawa yaliyobaki vijiti, akifoka kama mwenye nyumba.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa na unyoya mmoja tu mkononi.

Nilifanya kazi kwa shemeji, mume wa dada yangu, tangu nimalize shule. Mimi nilipigilia fremu za makochi, yeye alikata na kuvisha vitambaa. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na jioni nilirudi chumbani kwangu mtaa wa pili. Shemeji alikuwa mtu ambaye watu humwahi kwa salamu. Hakuwahi kuniinulia sauti. Dada, aliyenilea mama alipokuwa kazini, alikuwa amekonda, nami nikadhani ni uchovu. Kasuku wao alikaa sebuleni, na kila nilipoingia kula nilikuta tundu limefunikwa shuka.

"Ananyonyoka," dada alisema. "Anabadilisha manyoya. Akipigwa na upepo ataugua."

Sikuwa na sababu ya kubisha, mpaka asubuhi ile nilipoona unyoya umenasa kwenye zulia. Mimi nimekua na njiwa juu ya bati la jirani, najua ndege anavyobadilisha nguo. Huvua kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa pamoja, asije akashindwa kuruka. Unyoya unaoanguka wenyewe una shina kavu, safi, kama kalamu iliyokwisha wino. Huu ulikuwa na damu kwenye shina na kipande cha ngozi.

Dada alipotoka kuanika nguo, nilifunua shuka.

Ndege anayebadilisha manyoya haachi ngozi tupu. Mahali palipodondoka unyoya mmoja, mwingine unachomoza kama mwiba mdogo. Kasuku huyu alikuwa uchi. Kifua kilikuwa na vipele vya damu, bawa la kushoto limekwisha kuliko la kulia. Yote hayo ndege mwenye huzuni anaweza kujifanyia kwa mdomo wake. Lakini huyu alikuwa na upara. Utosini, kisogoni, nyuma ya macho, kote kweupe. Hakuna ndege awezaye kujidonoa utosi. Kichwa cha ndege hunyonyolewa na mwingine, na tundu lile lilikuwa na kasuku mmoja.

Basi ulikuwa mkono wa mtu. Nyumba ile ilikuwa na mikono minne. Miwili ilikuwa imenifuta kamasi nikiwa mdogo. Nikabaki na miwili.

Nilijifundisha mashairi peke yangu, na hasira yangu hupenda kwenda kwa mizani. Baada ya chakula cha mchana nilisimama mbele ya shemeji, yeye akiwa na mkasi, nikamwambia:

"Ndege ajinyonyoaye, utosini hafikii,
nani amnyofoaye? Naapa simwachilii."

Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mshairi wetu! Ungeshona makochi kama unavyoshona maneno, wateja wasingekaa sakafuni."

Nilimwonyesha unyoya. "Damu hii ni ya nani?"

"Sasa mimi nimnyonyoe ndege wangu ili iweje, shemeji? Nimtie sufuriani?" Akanipiga vikofi viwili shavuni, vile vya kumbembelezea mtoto.

Nikampiga ngumi ya pua. Akanirudishia kwa nyundo ya mbao, na jino langu la mbele likaenda zake chini ya meza. Nikamrukia, tukaanguka na kochi, nikapata koo lake.

Ndipo kasuku alipoanza. Kisha akabadilisha sauti, akalia kwa sauti ya dada: "Basi, mume wangu. Basi, utaniua. Basi."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Hapo nilielewa kasuku alikojifunzia. Kila kishindo cha kipigo kilikuwa na maneno yake, na sisi tulikuwa tumempa kishindo.

"Mwachie," dada alisema. "Ni mimi ninayemnyonyoa."

Mikono yangu ililegea yenyewe.

"Yeye akitoka, huyu anabaki ananitukana kwa sauti yake. Kutwa nzima. Nikimfunika bado anasema. Sasa naingiza mkono." Aliweka beseni chini taratibu. "Mwenye sauti simwezi."

Shemeji alikohoa, akajiinua, na naapa machoni mwake kulikuwa na machozi ya kweli. "Kiumbe kisicho na kosa!" alifoka. "Unakitesa kiumbe kisicho na kosa!" Akashika egemeo la kochi kwa mkono mmoja, kwa wa pili akainyanyua nyundo kumwelekea dada.

Sikutunga kitu. Nilichukua bunduki ya pini, ile tunayobania kitambaa kwenye mbao, nikaikandamiza juu ya kiganja kilichoshika egemeo, nikavuta. Nikavuta tena. Nikavuta mpaka nyundo ilipoanguka na yeye akabaki amepiga magoti, amebanwa kwenye kochi alilolitengeneza, analia kama mtoto. Nami niliinua mguu nimpige teke la uso.

"Umemaliza?" dada aliuliza.

Niligeuka nikitarajia kushukuriwa. Alikuwa ameinua mkono mbele ya uso wake, kujikinga. Kutoka kwangu.

Nilishusha mguu.

Aliingia ndani, akatoka na mkoba na tundu. Nikanyoosha mkono kumpokea. "Nitabeba mwenyewe," akasema. Alikwenda kwa mama mkubwa, mwendo wa mitaa kadhaa, jua likiwaka, tundu kiunoni kama mtoto. Nilimfuata. Nilipokaribia aliongeza mwendo. Nilipopunguza, naye alipunguza.

Penye duka la simu kijana mmoja alipaza sauti: "Dada, huyo kuku ameshanyonyolewa kabisa! Bei gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Dada hakugeuka. Mimi nilisimama, nikamtazama kijana yule shingoni, nikajua pa kumshika. Kisha nikatia mikono yote miwili mifukoni, nikaendelea kutembea nyuma ya dada, kwa umbali ule alioutaka yeye.