Kivuli cha Mtu Mmoja

Mwarobaini ulikuwa mali ya manispaa, lakini kivuli chake, nani asiyejua, kilikuwa cha fundi cherehani. Miaka kumi na sita mama huyo alishonea pale, katika mji ambao mvua huja kama mgeni asiyetaka kulala. Sasa bomba la maji taka lilikuwa njiani, na fundi aliogopa kufukuzwa chini ya mti wake.

"Wakija kuuliza, punguza idadi ya watu," shemeji yake, mshona viatu wa upande wa pili wa shina, alimwonya. "Wakijua tunajaza watu, wataita hapa soko. Tutaondolewa."

Basi siku mpimaji wa manispaa alipokuja, fundi alikuwa ameshawatimua wote: wauza maji, wanafunzi, hata bibi wa miguu mibovu. Mpimaji, binti mpole mwenye miwani, alipima joto kivulini, akapima juani, akahesabu matawi. Fundi alimtazama asielewe kitu. Joto nalo linaandikwa?

"Mama, kivuli hiki kinawapumzisha watu wangapi kwa siku?"

"Mimi tu, mwanangu."

Mpimaji aliangalia benchi lililong'aa kwa kukaliwa. "Peke yako?"

"Na shemeji. Lakini huyo si mtu wa kuhesabu."

Shemeji alikohoa tu.

Baada ya wiki mbili mwarobaini ulilala chini. Mpimaji alirudi na fidia: miche mitano kwenye vifuko.

"Bomba lilikuwa lipite huku au ng'ambo," alieleza. "Tulichagua kukata mti unaowafaa watu wachache. Ule wa mbele ya duka la dawa, mwenye duka alisema watu mia mbili."

"Ule mkavu? Hata kuku hapumziki pale!"

"Nilikuuliza, mama."

Fundi alikaa kitako. Tangu azaliwe, mtu wa ofisini akihesabu vyako anataka kuvichukua. Tangu lini wakahesabu ili wakuachie? Hasira haikujua imwangukie nani.

"Mficha uchi hazai, shemeji," mshona viatu alisema taratibu.

"Si wewe uliyenifundisha kuficha?"

Mshona viatu aliinamia kiatu alichokuwa akishona.

"Msiiache juani," mpimaji aliagiza akiondoka. "Bado michanga, itaungua. Kwa miaka mitatu ya mwanzo inataka kivuli."

Fundi alicheka, kisha akaona machozi yanakuja, akaacha. Mwavuli ulikuwa mmoja. Aliusimika juu ya miche, akavuta cherehani yake juani, akaanza kushona huku jasho likidondokea kitambaa cha mteja.

Saa sita akafika mama mmoja, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Miguu ilimleta kwa mazoea. Alisimama pale shina lilipokuwa, akageuka huku na huku kama aliyepotelewa na nyumba.

"Fundi, nilikuwa nakaa wapi?"

Fundi aliitazama miche. Akamtazama mtoto, jasho likimtiririka utosini. Kisha akainuka, akaisogeza miche yote mitano juani, na kumkaribisha akae chini ya mwavuli.