Kiti cha Mama Mkwe

Gari la Wanyonyi halikuzaliwa vile. Liliposhuka melini lilikuwa gari dogo la familia, lenye mgongo ulioinuka kidogo na sura ya upole, la kupelekea watoto shule na kubebea sukuma wiki. Wanyonyi akaliinua springi. Akalivisha matairi ya matope yenye meno ya mamba, akalipachika bomba la kupumulia kando ya kioo ili livuke mto bila kukohoa. Puani likatiwa winchi ya kujivuta likikwama. Ukifungua buti, jiko la gesi liliteleza nje kama droo, sufuria zikiwa zimepangwa kila moja mahali pake. Na ubavuni, kwa rangi ya dhahabu, akaandikisha: MKWE WA SHINYALU, kule alikooa.

"Mkwe gani huyo?" Kageha, mkewe, alimtania. "Gari unalijua hadi nati ya mwisho. Uso wa mama yangu je?"

Uso wa mama hakuujua, na hilo halikuwa aibu. Mama Maximilla alishika mila za kwao barabara. Kwake yeye, mama na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa katikati. Ndivyo walivyopendana. Wanyonyi alituma sukari na majani ya chai, kuku wakaja wakiwa wamefungwa miguu, na kwa miaka yote ya ndoa hawakuwahi kugombana hata mara moja. Wangegombana vipi?

Kisha mama akateleza kwenye shamba lake la majani chai, goti likavunjika. Plasta ilipotolewa, mguu ulibaki mgumu kama mpini wa jembe. Daktari mjini Kakamega akataka aletwe kila Alhamisi anyooshwe, la sivyo hatatembea tena bila kushikwa. Alhamisi zikaja, zikapita. Teksi ziliogopa matope ya kushukia kwake, na bodaboda ilimtoa machozi kabla ya kufika barabarani. Gari la kufika hadi mlangoni lilikuwa moja tu, na mwenye kuliendesha alikuwa mmoja tu, maana Kageha hakuwahi kushika usukani.

"Mimi na mkwe ndani ya bati moja, dogo hivyo?" mama alimwambia Kageha kwa simu. "Tusikilizane pumzi kama mbuzi kwa zizi? Wacha nikae na goti langu."

Jumamosi hiyo Wanyonyi alikuwa ameahidiana na wenzake, wenye magari kama lake, wakutane Buyangu wakaange samaki kwenye mabuti yao. Hakwenda. Alikwenda gereji kwa rafiki yake Erastus.

"Nataka nyumba mbili ndani ya gari moja," alisema.

"Ya mbele ya nani, ya nyuma ya nani?"

"Ya nyuma ya mama mkwe."

Erastus alivua kofia. "Eh. Hapo hata mimi nitapima mara mbili."

Shida ya kwanza ilikuwa urefu. Gari lilikuwa limeinuliwa hata mtu mwenye magoti mazima alipanda kwa kuruka. Mama alikuwa na mwili wake, Kageha asingeweza kumbeba. Mwenye mikono ya kumbeba alikuwa yule yule asiyeruhusiwa kumgusa.

"Ulipoliinua ulikuwa unafikiria nini?" Erastus alimuuliza.

"Mito."

"Mito! Mtu ameoa Shinyalu anafikiria mito!"

Wakacheka, kisha wakaingia kazini. Winchi ikang'olewa puani, ikahamishiwa nyuma. Wakaunda kiti kilichoshuka juu ya reli mbili hadi chini, ukibonyeza kidude kinapanda taratibu na aliyekikalia, kikiwa kimeelekea kule gari linakotoka. Ili kienee, jiko lilipaswa kutoka. Wanyonyi alilifungua mwenyewe, skrubu moja moja, akalifunika kwa gunia kama mtoto aliyelala. Kageha alishona pazia la kitenge kizito, kutoka paa hadi sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele ambapo yeye angekaa kando ya mume, awe mtu wa katikati.

Alhamisi walipoingia uani, Wanyonyi alibaki kwenye usukani akitazama migomba mbele yake kama aliyeshtakiwa. Kiti kikashuka. Mama alikizunguka na mkongojo wake.

"Hiki kinanipeleka hospitali ama mbinguni?"

Alikaa, akafunga mkanda. Kageha akabonyeza. Mama akapaa polepole, mikono mapajani, majirani wakimpigia vigelegele.

"Mwambie mkwe," alisema akiwa juu, "asiendeshe kama mtu anafukuzwa."

Hawakufika mbali. Mteremkoni trekta iliyobeba mbao ilikuwa imelala katikati ya njia. Ilibidi warudi kinyumenyume hadi kwenye kona ya kanisa. Wanyonyi akatazama kioo cha ndani, akaona kitenge. Akatazama vya pembeni, akaona mahindi. Kingo za njia zilibana milango, Kageha hakuweza kushuka aongoze. Mwenye kuiona njia alikuwa mtu mmoja.

"Kageha, muulize mama njia inakata wapi."

"Mama, inakata wapi?"

"Mwambie aende upande wa kwa Nasambu."

"Anasema upande wa kwa Nasambu."

"Nasambu ni nani?"

"Mama, anauliza Nasambu ni—"

Gurudumu la nyuma likateleza ukingoni. Gari lote likainama, mbao za trekta zikionekana kama ziko angani. Wanyonyi alikanyaga breki, jasho likimtiririka hadi kwenye nyusi. Mama akisema sasa "nirudisheni nyumbani", asingekubali kupanda tena, na goti lile lingebaki vile lilivyo.

"Wanyonyi!"

Hakuwa amewahi kusikia jina lake likitoka kwenye kinywa kile.

"Wanyonyi, mwanangu, wacha Kageha. Nisikilize mimi."

"Ndiyo, mayi," alimwita mama kwa Kiluhya.

"Usinijibu! Kata kwa mkono wako wa kushoto. Zaidi. Unaogopa nini, ni mahindi tu. Sasa kanyaga. Kanyaga!"

Tairi liliuma udongo, likapanda. Sauti ilimshika njia nzima: polepole hapo, kuna jiwe, ng'ombe wa mtu, simama apite, haya njoo, njoo baba. Kwenye kona ya kanisa gari lilisimama sawasawa. Kageha, aliyekuwa katikati, hakujua amtazame nani.

Wakafika hospitali. Mama alinyooshwa, akapiga kelele, akamwambia daktari ana mikono ya kuvunja kuni, akatoka goti likikunjika vizuri kuliko alivyoingia. Alipokuwa akipandishwa tena kwenye kiti, Wanyonyi alishika usukani, macho mbele.

"Kageha," mama alisema, "mwambie mkwe Alhamisi ijayo aje mapema kidogo. Na pazia libaki."

"Sawa, mama. Na... yale ya njiani?"

"Yapi? Mimi nilikuwa naongea na gari."

Kageha aliuma mdomo. Huku mbele Wanyonyi alikohoa, akageuza ufunguo.

"Mwambie mama," alisema, "gari limesikia."