Piano Imepanda

Mdogo wangu alijua jina la kila sauti kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mlango ukilia, anakuambia hiyo ni fa, kama kwenye do, re, mi, fa, so, la. Mama alikuwa na bilauri moja nene, na mimi nilikuwa naigonga kwa kijiko huku yeye kageukia ukutani. "La," anasema, hata kabla sijaondoa kijiko. Wageni wanapiga makofi. Mimi masikio yangu ni ya kutundikia hereni tu. Nikiimba jikoni, mama alikuwa ananiomba nioshe vyombo kimyakimya. Tukamwita Sikio, na jina likamganda.

Sikio akawa mpiga piano wa kumbi kubwa, na mimi nikawa kila kitu kingine: nilipiga pasi koti lake, nilipokea simu zake, nilifukuza watu mlangoni kabla ya onyesho. Hakuoa. "Nimeshaoa piano," alikuwa anasema, nami namjibu kwamba piano haijui kupika. Jukwaani hakuweka karatasi za muziki mbele yake. Muziki wote ulikaa kichwani kama sauti, na mikono ilifuata sikio bila kuuliza.

Alipokaribia miaka sitini alianza kugombana na mafundi wa piano. Yule aliyekuwa akilinganisha sauti za piano ya nyumbani tangu sisi sote tuna nywele nyeusi aliambiwa ameipandisha sauti. Fundi akatoa kile chuma chake cha kupimia sauti, akakigonga gotini, akakisimamisha kwenye ubao, kisha akabonyeza la. Sauti zikakubaliana.

"Basi na hicho chuma kimeharibika," Sikio akasema.

Fundi alifunga mkoba wake na kuniaga mimi peke yangu. Wa pili naye akaonyeshwa mlango. Nami nilishikia bango, nikamwambia kila aliyenisikiliza kwamba mafundi wa siku hizi ni wababaishaji. Ningefikiri nini kingine? Lile sikio halikuwahi kukosea.

Halafu tukaenda kwenye mazoezi na okestra kwa ajili ya tamasha alilokuwa akilisubiri kwa miaka. Nilikaa safu ya mbele na chupa yake ya maji mapajani. Okestra ikaanza, yeye akasikiliza huku amekunja uso, kisha akaingia. Mikono ilianza mahali pake, halafu ikahamia kwenye vitufe vya jirani, ikaendelea huko kwa usafi kabisa, kila kidole kikiwa na uhakika wake. Piano ikawa inakwenda njia yake na okestra njia yake. Hata mimi nilisikia, na nilitamani sakafu ipasuke.

Kiongozi wa okestra akashusha kijiti. "Mzee, turudie?"

"Mko juu," Sikio akasema. "Wote mko juu, na piano yenu pia. Nilikuwa naisahihisha."

Mpiga filimbi akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonikata maini. Wakarudia, na mikono ikahama tena.

Daktari wa masikio alieleza taratibu. Sikio linazeeka kama goti linavyozeeka, na likizeeka, sauti zote zinaanza kusikika juu kidogo kuliko zilivyo. Mtu wa kawaida hagundui, kwa sababu hazijui kwa majina. "Wewe unabonyeza la, unasikia jirani yake wa juu," akamwambia. "Mkono unadhani umekosea, unashuka kujisahihisha. Hapo ndipo unapokosea kweli."

"Dawa yake?" nikauliza.

"Haipo, mama. Na pengine itazidi kupanda."

Nilimuuliza amesomea nini basi huko chuoni. Sikio akanishika mkono, tukaondoka.

Alijaribu pamba masikioni. Sauti ikampitia mifupani. Alijaribu kusoma karatasi kama mwanafunzi, na kichwa kikabishana na macho hadi akatapika. Nikapiga simu kufuta tamasha. Nikafuta na mengine. Nilikuwa nasema "anapumzika", na kila niliposema, moyo ulizidi kuwa mzito.

Kisha akampigia mwenyewe yule fundi wa zamani, akamwomba radhi, akamwomba aishushe piano ya nyumbani yote, kila uzi, nusu sauti, ili aisikie kama zamani. Fundi alishinda kutwa amepiga magoti. Jioni Sikio akakaa, akapiga wimbo mzima. "Dada, imerudi," akasema. Mgeni yeyote mwenye sikio angeiona mbovu, lakini sisi tulikuwa hatuna mgeni. Mwezi ule nilipika kwa raha kama mtu aliyepona.

Siku moja katikati ya wimbo akaacha kupiga. Nilisubiri, ufagio mkononi.

"Imepanda tena," akasema.

Fundi akaja, akatikisa kichwa. Nyuzi zikishushwa zaidi zitalegea, alisema, ziwe kamba za kuanikia nguo. Sikio akamshukuru vizuri sana. Alifunga kifuniko cha piano mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kiganja, na hakukifungua tena.

Juzi nilikuwa naosha vyombo. Akaja jikoni, akavuta kiti, akageukia ukutani.

"Dada, gonga ile bilauri ya mama."

Ningeweza kusema imevunjika. Nilichukua kijiko, nikaigonga. Mabega yake yakapanda. Akaniomba nigonge tena, nikagonga.

"Ni sauti gani hiyo?" akaniuliza.

Tangu azaliwe hajawahi kuniuliza. Mimi, niliyekatazwa kuimba hata jikoni.

"La," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mdogo wangu."

"Asante," akasema, akabaki ameangalia ukuta. Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka, nikayafunga, ili kusiwe na sauti yoyote.